Baba Alipofumba Macho

Sijui kukaa. Mama anasema hata tumboni nilimsumbua, na mpaka leo sijawahi kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Nakunywa nikitembea, nakiacha dirishani, kisha nakitafuta nyumba nzima huku nikilaumu watu. Kwa hiyo nyumbani Ujiji walipoambiwa ninachosomea chuo kikuu, walicheka hadi wakashika mbavu.

"Anasomea kusimama?" jirani alimuuliza mama. "Kwani alikuwa hajui?"

Nilinuna, lakini hakuwa amekosea sana. Shahada yangu ya uzamivu ilihusu modeli ya kompyuta inayoeleza jinsi mwili wa binadamu unavyojizuia usianguke. Chukua fimbo uisimamishe wima juu ya kiganja, utaelewa mara moja: mkono hautulii hata kidogo, unaifuata fimbo huku na huku, ukizubaa imekwenda. Mtu aliyesimama ni hivyo hivyo. Anaanguka mbele kidogo, anajirudisha, anaanguka nyuma kidogo, anajirudisha tena, na mwenyewe anadhani ametulia. Ubongo unapata habari kutoka sehemu tatu, yaani macho, sikio la ndani, na nyayo zinazokanyaga chini. Na habari hizo huchelewa. Zile za nyayo zina safari ndefu kuliko zote, kutoka kisigino hadi kichwani, kwa hiyo ubongo unaamua mambo ya sasa kwa taarifa za zamani kidogo, na pengo unalijaza kwa kukisia.

Kwenye kompyuta nilikuwa na kijitu cha mistari michache. Kila chanzo cha habari nilikipa namba, ambayo sisi tunaiita uzito: ubongo unayaamini macho kiasi gani, sikio kiasi gani, nyayo kiasi gani. Nikibadilisha namba, kijitu kinasimama au kinaanguka. Kilikwisha kuanguka mbele yangu mara nyingi mno, wima kama mlingoti, kikikatikia kwenye vifundo vya miguu, na kila kikianguka nilikasirika kana kwamba kinafanya makusudi.

Nilirudi nyumbani kukusanya vipimo vya wazee. Chuoni tulikuwa na vipimo vya vijana hadi vya kumwaga, kwa sababu wanafunzi ukiwapa soda watasimama siku nzima. Mimi nilitaka wazee wa kwetu, tena wazee wazima: wasio na kisukari, wasio na kizunguzungu, wasiowahi kupata kiharusi, ili nijue uzee wenyewe, peke yake, unaufanya nini mwili. Vifaa vyangu vilikuwa simu, kipande cha kitenge na mkeka. Simu za siku hizi zina kitu ndani kinachohisi mtikisiko. Unamfunga mzee simu kiunoni kwa kitenge, anavua viatu, anabana miguu pamoja, anasimama dakika moja macho wazi na dakika nyingine macho yamefumba. Basi.

Ukiisema hivyo inaonekana rahisi. Kule Mwandiga walidhani nagawa dawa, wakapanga foleni hadi barabarani, na nilipoeleza kwamba sina dawa wakaniangalia kama tapeli. Kijijini Kidahwe nilimkuta bibi mmoja anamenya muhogo mbele ya nyumba yake. Nikamwamkia kwa Kiha changu kibovu, "Mwakeye," akanijibu vizuri tu, kisha akaitazama simu.

"Hiyo inaona figo?"

"Hapana, bibi. Inaona unavyoyumba."

"Mimi siyumbi."

Na kweli, macho wazi alisimama kama ukuta. Nilipomwomba afumbe macho alikataa katakata. "Nifumbe macho mbele ya mtu nimemjua leo, ili iweje?" Nikambembeleza, nikamwita binti yake aje amshike mkono, ingawa mkono ukishikwa kipimo kinaharibika. Mwishowe alifumba jicho moja. Niliondoka nimefura. Zamani hizo nilikuwa naona watu wanaokataa kufumba macho wananichelewesha tu.

Nikarudi kwa wazee wa nyumbani, na wa kwanza alikuwa baba.

Baba ni fundi wa boti. Kwa umri wangu wote nimemwona ufukweni Ujiji, pekupeku, tezo mkononi, akipanga mbao, akizipiga misumari, akiziba nyufa kwa pamba, kazi wanayoiita kalafati. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwangalia anatembea juu ya ubavu wa boti isiyokwisha, mahali pembamba kuliko upana wa mguu wake, huku anaongea na watu walio chini, hatazami anapokanyaga. Kama kuna mtu aliyenifanya nitake kujua mwili unasimamaje, ni yeye. Hilo sikuwahi kumwambia. Nyumbani kwetu mambo ya namna hiyo hayasemwi.

Nilimsimamisha ukumbini, nikamfunga simu, nikamsomea maswali ya fomu.

"Una kisukari?"

"Sina."

"Miguu huwa inakufa ganzi?"

"Mimi? Miguu hii?" Akacheka, akapiga mguu chini kunionesha.

Macho wazi alisimama vizuri. Nikamwambia afumbe. Hazikupita hata pumzi mbili, akaanza kupepesuka, akaenda kulia, akajirudisha kwa nguvu kupita kiasi, akapiga hatua, akashika fremu ya mlango.

"Baba, usicheze. Nina kazi."

"Sichezi. Ni boti hiyo. Mtu aliyezoea kusimama kwenye boti, nchi kavu inamrusha."

Akasema hivyo akitabasamu, na mimi, mwenye haraka zangu, nikalipenda jibu hilo kupita maelezo. Nikaona nimepata kitu ambacho vijana wa chuoni hawana. Siku ile ile niliingiza kipengele kipya kwenye modeli, nikakipa jina "ziwa": myumbo wa polepole, kama wa mtu aliyeyafuata maji maisha yake yote. Kwa kipengele hicho kijitu changu kilianza kuyumba kama baba. Sikulala kwa furaha. Kwenye kikao cha mtandaoni na walimu wangu nikakieleza kwa mbwembwe, na wakavutiwa, isipokuwa mwalimu mmoja mama mtu mzima, ambaye aliuliza swali moja tu.

"Umejaribu kupunguza uzito wa nyayo?"

Nilijibu kwa ukali usiofaa kwa mwanafunzi. Nikamwambia huyo ni baba yangu, ametembea pekupeku juu ya mbao tangu ujana, nyayo zake zinafanya kazi kuliko zangu. Akasema sawa, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Miezi ikapita. Nilikuwa naishi nyumbani, naandika, natembea uani na simu nikitafuta mtandao, nagombana na umeme. Baba alianza kuwa na vituko. Siku moja alirudi kutoka ufukweni amevaa ndala mguu mmoja tu. Mama alipomuuliza nyingine iko wapi, aliangalia chini kama mtu anayeoneshwa mguu wa mwenzake. Mtoto wa jirani akaileta baadaye, kaiokota katikati ya njia. Tulimcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikamwita profesa, kwa sababu tunavyojua sisi maprofesa ndio wanaosahau viatu.

Halafu akaacha kwenda msikitini Isha na Alfajiri. Akasema anachoka. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi aliendelea kwenda. Baadaye akaacha zote, akawa anaswali chumbani. Mama akasema ni uzee. Mimi nikaona ni uvivu, na nikasema hivyo, kwa sauti, ili asikie.

Asubuhi moja mama alirudi sokoni na kikapu kitupu. Aliketi barazani na baibui lake bila kulivua.

"Nimeambiwa kitu leo, hata dagaa nimeshindwa kununua."

"Umeambiwa nini?"

"Kwamba baba yako anakunywa."

Nikacheka. Nilipoona yeye hacheki, damu ikanichemka. Baba yangu hajawahi kutia pombe mdomoni. Aliwahi kukataa kutengeneza boti nzuri kabisa kwa sababu mwenye boti alikuwa anasafirishia makreti ya bia, na tulikuwa na shida mwaka huo. Mama akanieleza kama alivyosimuliwa. Msikitini maji ya bomba hayana uhakika, kwa hiyo pembeni kuna pipa na kopo. Wengi huketi kwenye vigoda vya saruji wakitawadha, lakini baba kazoea kutawadha amesimama. Mara ya kwanza alianguka pale kwenye pipa, watu wakasema ni utelezi. Mara ya pili akamwangukia mzee mwingine, wakaenda chini wote wawili, na kopo likatoa sauti iliyosikika hadi ndani. Rafiki yake, mtu waliyesimama naye safu moja miaka na miaka, ndiye aliyesema mbele za watu: "Mwenzetu siku hizi anakuja kashalewa."

Mtu mwenye akili angeketi afikiri. Mimi nilimfuata baba chumbani bila kubisha hodi.

"Baba, unajua wanachosema?"

"Najua."

"Sasa kwa nini umekaa humu? Nenda ukawaoneshe! Ukijificha ndiyo wanaamini."

Alikuwa ameketi kitandani na tasbihi. Alinitazama, si kwa hasira.

"Mama," alisema, kwa sababu ndivyo anavyoniita mimi binti yake, "hebu kaa chini kidogo."

Sikukaa. Nilitoka, nikaubamiza mlango, nikaenda kutembea hadi Alasiri ikakaribia, nikipanga kichwani maneno ya kumwambia kila mzee wa msikiti ule.

Niliporudi nilipitia uani, simu juu, natafuta mtandao karibu na mchikichi wetu. Baba alikuwa kwenye ndoo kubwa nyuma ya nyumba, anatawadha amesimama. Akanawa mikono. Akasukutua. Akapandisha maji puani. Yote vizuri. Kisha akachota maji kwa viganja, akayaleta usoni, akafumba macho, akaenda nyuma.

Hakuteleza. Mtu akiteleza, mikono inarushwa, magoti yanakunjika, kuna kelele. Baba alikwenda wima kama mlingoti, akikatikia kwenye vifundo vya miguu. Niliujua muanguko ule. Niliutambua kabla sijamtambua baba yangu.

Nilipomfikia alikuwa ameketi kwenye tope, maji yanamchuruzika ndevuni.

"Sijalewa," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, kwangu, mwanawe. Nilitaka kulia lakini mikono yangu ilikwisha kumshika mguu.

"Baba, fumba macho. Usiangalie."

Nikashika kidole gumba cha mguu wa kulia, nikakipandisha. "Nimekipeleka wapi?"

"Juu."

Nikakishusha.

"Juu."

Nikakipandisha tena. "Chini," alisema, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayejibu jina lake. Nikakibana kwa vidole viwili, kwa nguvu zangu zote. "Sasa hivi nimekishika au nimekiacha?"

"Umekiacha."

Ndipo nilipougeuza unyayo kutazama. Chini kidogo ya vidole palikuwa na tundu jeusi, limevimba pembeni, linatoa harufu. Ndani yake kulikuwa na msumari wa boti, ule mfupi wenye kichwa kipana. Nikachukua ndala yake, nikaona mahali ulipopita. Tope la kwenye kichwa cha msumari lilikuwa limekauka siku nyingi.

"Baba, una msumari mguuni."

"Wapi?" aliuliza, na akainama kuutafuta kwenye mguu mwingine.

Tulikodi bajaji hadi hospitali mjini Kigoma. Daktari alikuwa kijana, katokea mkoa mwingine, mpole, anamwita baba "mzee wangu". Akamtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye mashine ya sukari, akaitazama namba, akatoboa kidole kingine kuhakikisha. Halafu akachukua kiuzi kigumu cha plastiki, akawa anamgusa nyayo mahali mbalimbali, na baba amefumba macho akisubiri kuambiwa mtihani unaanza lini. Ulikuwa umekwisha.

Daktari alinivuta pembeni. Sukari imekuwa juu kwa miaka, alisema. Mishipa ya fahamu imekufa taratibu, ikianzia ile mirefu zaidi, inayofika miguuni. Vidole viwili lazima vikatwe. Tungechelewa zaidi ungekuwa mguu, na bado hawezi kuniahidi mguu. Kisha akauliza, bila ubaya, kama wanavyouliza wote:

"Nyumbani hakuna aliyegundua kwamba mzee anayumba?"

Nikasema hakuna.

Nje ya chumba kulikuwa na benchi. Nilikuwa na begi langu mgongoni, maana sitoki bila begi, nikaifungua kompyuta mapajani. Nikatoa kipengele cha "ziwa". Nikashusha uzito wa nyayo hadi karibu na sifuri. Nikakifumba kijitu macho, nikakiacha. Mstari wa myumbo wake ukajichora juu ya mstari wa baba, ule wa siku ile ukumbini, ukaufunika hadi sikuweza kuona tofauti. Nilikuwa naye humo ndani ya kompyuta miezi yote ile. Nilimwona akianguka, nikaupamba muanguko wake kwa jina zuri, nikawasimulia watu wakavutiwa.

Mwanamke aliyeketi kando yangu na mtoto mgongoni aliniangalia, akaangalia kompyuta, akaniuliza polepole, "Umefiwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni kazi tu."

Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki, lakini siku za mwanzo hatukuwa na hakika, na kila walipofungua bandeji roho yangu ilikuwa mkononi. Nilikuwa natembea kwenye korido ya wodi hadi muuguzi akaniambia nitafute pa kuketi au nianze kubeba mabeseni. Nikabeba mabeseni. Siku ya nne, mama akiwa ameenda kupika, nilipiga moyo konde nikamwambia baba yote: kipimo cha ukumbini, kipengele, jina nililokipa, swali la yule mwalimu na jinsi nilivyomjibu.

"Nilikuona unayumba, baba. Nikaandika ni boti."

Aligeuza uso dirishani. Nje watu walikuwa wanaanika kanga kwenye uzio.

"Mimi ndiye niliyekwambia ni boti," alisema.

"Ndiyo, lakini mimi ndiye ninayesomea."

"Nilijua si boti. Tangu mwaka juzi sizisikii mbao nikizikanyaga. Nilikuwa naangalia miguu yangu kila hatua. Wenzangu walidhani nimekuwa mpole." Akavuta shuka. "Ila wewe ulikuja na fomu yako, ukasema unatafuta wazee wazima."

Sikusimama wala kutembea. Nilibaki pale kwenye ukingo wa kitanda hadi mama akaja na ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, akauliza kwa nini hatuongei.

Nilimwandikia yule mwalimu kwamba alikuwa sahihi. Alijibu kwa mstari mmoja kuuliza hali ya baba, modeli hakuitaja. Nikamheshimu zaidi kwa hilo.

Kidonda kilichukua muda kufunga. Baba alipoanza kutembea alikuwa na fimbo, viatu vya kufunika, na mama anayemkagua nyayo kila jioni kwa kioo kama anayekagua mchele. Ufukweni anakwenda mchana tu, anaketi, anawaelekeza vijana. Mimi niliona mambo yamekaa sawa, imebaki kusafisha jina. Nikaandaa. Nilikuwa na cheti cha hospitali, nikachora michoro mikubwa ya miguu na mishipa, nikapanga kuomba ruhusa kwa imamu niwaeleze wazee baada ya swala, nje, uani. Nimezungumza kwenye kumbi zenye maprofesa. Wazee wa Ujiji wangenishinda nini? Baba alinisikiliza hadi mwisho.

"Karatasi haitoshi," alisema. "Watasema ni hiyo hiyo pombe iliyomla miguu."

Nikafungua kinywa kubisha, nikakifunga. Pombe nayo huua mishipa ya miguu. Yeye hakuwa amesoma hilo popote. Anawajua watu wake tu.

"Sasa unataka nini?"

"Nifunge simu yako kiunoni, au usinifunge, vyovyote. Nataka nisimame pale na nifumbe macho. Waone."

"Baba, utaanguka."

"Ndiyo."

"Mguu haujakaza vizuri."

"Wewe utakuwa nyuma yangu." Kisha akanyoosha kidole, jambo ambalo hafanyi. "Lakini usinishike mapema. Nakujua wewe. Ukinishika kabla sijaenda, watasema tumepanga. Niache hadi niende kabisa."

Tuligombana kwa siku mbili. Nilimwambia ni ujinga, nikamwambia heshima hailipiwi kwa mguu, nikamwambia wao ndio wenye aibu na si yeye. Hakupandisha sauti hata mara moja. Siku ya tatu alimwita mama amtolee kanzu.

Imamu alikubali. Baada ya Alasiri wazee walitoka, wakakaa kwenye baraza la nje, wengine wakabaki wamesimama na viatu mkononi. Nikawaamkia wote, "Shikamooni," wakaitikia. Nilitandika mkeka uani, mahali pasipo na mawe, nikauvuta, nikauvuta tena. Baba akavua viatu mwenyewe. Watu waliuona mguu wenye vidole vitatu, na minong'ono ikakoma.

"Njoo," alimwambia rafiki yake, yule aliyesema maneno. Alikuwa nyuma ya wengine. "Njoo uninuse."

"Ndugu yangu, hakuna haja."

"Ipo. Njoo."

Alikuja. Ni mzee mrefu kuliko baba, ikabidi ainame. Alikiweka kichwa karibu na mdomo wa baba, akakaa hapo kidogo, akarudi nyuma.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu," alisema mzee.

Baba akanikabidhi fimbo, nikaiweka chini. Akabana miguu pamoja. Macho wazi, anawatazama mmoja mmoja, na alisimama vizuri, kwa sababu aliyaweka macho yake kwenye nguzo ya baraza na kuishikilia. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua moja. Nilisikia harufu ya sabuni kwenye kanzu.

"Sasa nafumba," alisema.

Kuna mahali mwili ukivuka haurudi tena. Kwenye modeli napajua kwa namba, naweza kukuchorea mstari. Nilimwona anaukaribia mstari huo, akarudi, akaukaribia upande mwingine, misuli ya shingo imemsimama, vidole vya mikono vinatafuta cha kushika hewani. Mikono yangu iliruka yenyewe. Niliirudisha, nikaibana kwapani kama mtu mwenye baridi. Kila kitu mwilini mwangu kilinituma nimshike. Kwenye baraza mtu alisema, "Mshike, binti, mshike," na mwingine akasema, "Jamani." Baba akaenda nyuma tena, akafika kwenye mstari, na safari hii akauvuka, na hata hapo nikahesabu moja.

Nikamdaka. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, nikaenda naye chini, tukaishia kwenye mkeka mimi nimekaa na yeye kaniegemea kifuani, kanzu imepanda hadi magotini. Nilimvuta kanzu kumfunika. Macho yake bado alikuwa ameyafumba.

"Wameona?" aliniuliza.

Nikanyanyua uso. Wazee wote walikuwa wameinama, kila mmoja anaangalia miguu yake mwenyewe.

"Wameona, baba," nikamwambia.